Takataka za Baba

Miaka thelathini na mmoja baba alipika miti.
Misonobari iliingia kiwandani na theluji mgongoni,
ikatoka karatasi nyeupe, bubu, ikisubiri maneno ya wengine.
Kilichobaki kilikuwa uji mweusi,
mzito kama lami, wenye harufu ya yai viza,
nao waliuchoma tanurini ili wapike miti mingine.
"Hiyo," alisema, "ndiyo gundi iliyousimamisha msitu.
Sisi tunaiita takataka."

Leo ninayo kwenye chupa,
unga wa kahawia, ulioandikwa kwa mkono wa Vieno:
lignini, pipa la nne.
Nauyeyusha. Naudondosha majini, tone, tone,
na ghafla maji yanatibuka, yanakuwa chai ya maziwa.
Usilidharau wingu hilo.
Chukua unywele mmoja,
uupasue kwa urefu nyuzi mia sita;
unene wa uzi mmoja ndio unene wa kitufe kimoja,
na humo ndani tunaitia ile dawa nyekundu.

Wanaoijua hawaitaji jina.
Hupita mshipani kama askari aliyelewa:
humpiga adui, humpiga na jirani,
mzizi wa nywele, utando wa mdomo, moyo wenyewe.
Baba ameinywa kwa mkono mara tatu.
Nyusi zimeondoka,
uso umebaki wa mtu anayeshangaa bila kukoma.

Tunachotaka ni kidogo. Dawa ifumbe mdomo njiani.
Ipite damuni kimya, ipite moyoni kimya,
hadi penye uvimbe, penye uchachu
kama wa maziwa yaliyolala;
hapo kitufe kilegee, kifunguke, kiseme.

Na kisha kife.

Hapa ndipo watu hawanielewi.
Wanadhani sifa ya chombo ni kudumu.
Nimeviona vilivyodumu, vya madini, ving'aavyo,
vilivyomaliza kazi vikajijengea ndani ya ini
kama shemeji aliyekuja kwa wiki moja.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, sawa;
lakini mgeni aujue na mlango wa kutokea.
Changu kimetoka mtini, na mti unajua kuoza.
Kuoza ni ujuzi. Sisi wenyewe tunauogopa
kwa sababu hatujaufundishwa vizuri.

Jumapili nilimpelekea baba kichupa.
Alikuwa kwenye ngazi za sauna, amejifunga blanketi,
hana nguvu ya kuingia, anasikiliza tu mawe yakipoa.
Ladha imempotea tangu mfuko wa pili;
supu ya samaki kwake ni maji ya moto.
Akafungua, akanusa.
"Zamu ya usiku," alisema. "Tanuri la pili."
Kisha, bila kunitazama:
"Inaingia lini kwa mtu?"

Nikamwambia kweli. Panya kumi na wanane.
Halafu panya wengine. Halafu karatasi,
karatasi nyingi, baba, pengine mlizipika ninyi.
"Miaka?"
"Miaka."
Akacheka hadi akakohoa.
"Basi panya wamenipita kwenye foleni."
Akakaza kifuniko kama anayefunga valvu,
hadi mwisho, kisha robo zaidi.

Alhamisi vitufe vilishikana.
Chumvi ilizidi; vikazama chini ya neli, masizi matupu.
Vieno akaosha vyombo, hakusema kitu.
Tukarudia. Saa kumi jioni, giza tayari,
wingu likarudi majini, likakaa.
Nililitazama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Kesho baba ana mfuko wa nne, saa mbili na nusu asubuhi.
Mimi ndiye dereva.
Amepiga simu kunikumbusha soksi za sufu,
na nije na kile kichupa.
Hakusema cha nini.